Fundi Waya na Taa za Ukungu za Njia ya Kisaki

Pikapu inayoandaliwa kwa njia ya Kisaki huanza kukaguliwa miguu: matairi, springi, shokapu. Ndivyo inavyopaswa, maana barabara inayotoka Bigwa, pembeni mwa mji wa Morogoro, ikapita Kiroka, Mkuyuni, Matombo na Mvuha mpaka Kisaki ni zaidi ya kilomita 130, na sehemu kubwa imekuwa ya udongo miaka nenda miaka rudi. Lakini yupo fundi waya mmoja mjini Morogoro ambaye gari likiingia uwanjani kwake huchuchumaa mbele ya bampa, akafuta vumbi kwa kiganja na kuzitazama zile taa mbili ndogo za chini ambazo madereva wengi wamesahau kama zipo. Nimekaa mara nyingi kwenye benchi lake nikimwangalia akitoa taa za ukungu za kiwandani na kufunga za LED. Sitamtaja jina, kwa kuwa hakuniomba sifa. Kazi yake ndiyo ninayotaka kuisifu, na nitaisifu polepole kama yeye anavyoifanya.

Anayeishi bondeni anaweza kuuliza taa za ukungu ni za nini katika nchi ya jua kali. Ajaribu kupita Kiroka alfajiri wakati wa masika. Upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru ndio unaopokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na ndiyo sababu kule Kinole na Tegetero migomba, mdalasini na pilipili manga vinastawi. Unyevu huohuo unapopoa huwa wingu, na wingu halioni haya kulala barabarani. Ukishuka Mvuha ukungu unakuacha, na kama ni kiangazi vumbi linakupokea. Lori likiwa mbele yako hutofautishi barabara na korongo. Mbele zaidi, Kisaki imepakana na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, na tembo hawasomi mpaka. Wanaowahi treni ya TAZARA kwenye kituo cha Kisaki nao hawachagui saa ya kusafiri. Kwa hiyo taa hizi mbili ndogo zina kazi mwaka mzima.

Kazi yenyewe ni ya ajabu kidogo. Tone la ukungu ni dogo mno, kiasi cha sehemu moja ya mia ya milimita, na kila tone hurudisha sehemu ya mwanga kule ulikotoka. Dereva akiwasha fulu ndani ya wingu, mwanga unapiga matone yaliyo mbele ya pua ya gari na kumrudia machoni. Anaona ukuta mweupe. Anaongeza mwanga, ukuta unazidi kuwa mweupe. Taa ya ukungu imeundwa kuukwepa ukuta huo. Inakaa chini, mbali na macho ya dereva: Kanuni Namba 48 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wengi wa magari, inataka kwenye magari madogo na pikapu isizidi sentimita 80 kutoka ardhini. Mwanga wake hutanuka sana kushoto na kulia ili kingo za barabara zionekane, na kwa juu umekatwa kwa mstari ulionyooka. Juu ya mstari ule kunatakiwa kuwe na giza.

Hapo ndipo ufundi wote ulipo. Mnunuzi dukani huuliza taa inawaka kiasi gani. Fundi wangu huuliza giza lake liko wapi. Taa ya ukungu inayomwaga mwanga kila upande ni mbovu hata ikiwa kali kupita zote za maduka ya vipuri ya Gerezani, na kadiri inavyokuwa kali ndivyo ubovu wake unavyoongezeka. Kila anachofanya kwa saa kadhaa, kuanzia kuchagua taa mpaka kukaza skrubu ya mwisho, ni kulilinda lile giza la juu.

Taa ya kiwandani anayoitoa haikuwa kitu cha kudharau. Pikapu nyingi zilizo kwenye njia hii zilikuja na balbu ya halojeni, mara nyingi ya wati 55. Ndani yake mna uzi wa tungsteni wenye urefu wa milimita chache, na kiwanda kimepima mahali pa uzi ule mbele ya kiakisi kwa usahihi wa sehemu za milimita, kwa sababu umbo lote la mwanga barabarani linatoka kwenye vipimo hivyo. Tatizo ni kwamba uzi ni uzi. Barabara ya udongo ikikauka hujikunja kama bati, na mtikisiko wa mikunjo ile, saa baada ya saa, huukata uzi kabla ya wakati wake. Tena halojeni ni ya moto sana. Gari likiwa limetembea usiku kucha taa zikiwaka, kisha likatumbukia kwenye maji ya kivuko, kioo kinapata baridi ya ghafla na kupasuka. LED haina uzi wa kukatika, na joto lake halitoki mbele kupitia kioo; linabaki nyuma, kwenye mgongo wa chuma uliotengenezwa kulipunguza. Kwa njia ya Kisaki, hizo ndizo sababu za kubadilisha. Ukali wa mwanga ni sababu ya tatu.

Sasa kuna njia ya mkato, na wengi huifuata. Unachomoa balbu ya halojeni, unachomeka balbu ya LED yenye kitako cha aina ileile, kasha linabaki lilelile. Kijana mmoja aliyekuja na Hilux ya tajiri wake alitaka hivyo.

"Fundi, si kuchomoa na kuchomeka tu?"

"Kuchomeka utachomeka, mdogo wangu. Mwanga wake utaupeleka wapi?"

Hakuishia kwenye maneno. Aliichomeka kweli, upande mmoja tu, akawasha zote mbili kuelekea ukuta wa karakana. Upande wa halojeni ulionyesha mstari, mwanga chini, giza juu. Upande wa LED ulipanda mpaka kwenye bati la paa. Kiakisi kilichopimiwa uzi mwembamba unaong'aa pande zote kilikuwa kimepewa vibapa viwili vinavyong'aa ubavuni, navyo vimekaa nje kidogo ya mahali pa uzi. Akaizungusha balbu taratibu hadi vibapa vikatazama kushoto na kulia badala ya juu na chini. Mwanga uliokuwa darini ukapungua sana, lakini haukuisha. Kijana mwenyewe akasema basi, na safari ya kutafuta taa kamili ikaanza siku hiyohiyo. Napenda namna ile ya kufundisha. Hakumwaibisha kijana wala hakumtajia kanuni yoyote. Alimwachia ukuta uongee.

Taa kamili maana yake ni kasha zima, lenye kiakisi au lenzi iliyochorwa kwa ajili ya LED tangu mwanzo. Kuichagua kuna utaratibu wake. Anaigeuza kutafuta alama kwenye kioo: herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoipitisha, na karibu yake herufi B au F3, ambazo ndizo alama za taa ya ukungu ya mbele. Lakini alama huigwa, kwa hiyo haiamini peke yake. Anaipima uzito mkononi, maana mgongo mwepesi mno hautamudu joto. Anatazama ulinzi wa maji ulioandikwa. IP67 inamaanisha vumbi haliingii na taa inastahimili kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa, na hicho ndicho kipimo cha chini anachokubali kwa gari la Kisaki. Kisha anaiunganisha na betri ya volti 12 juu ya meza, anafunga dirisha, anaimulika ukutani. Taa isiyo na mstari pale mezani hairudi tena mkononi mwake.

Kwenye rangi huwa na subira ya pekee, kwa sababu wateja huja na imani zao. Wengi husema taa ya manjano hupenya ukungu. Matone ya ukungu ni makubwa kuliko mawimbi ya mwanga wa rangi yoyote, hivyo yanatawanya nyeupe na manjano karibu sawasawa. Hakuna rangi inayopita katikati yake kwa upendeleo. Hata hivyo manjano ina faida ya aina nyingine. LED nyeupe huanza kama LED ya buluu iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga kuwa manjano, na uvumbuzi wa hiyo buluu ndio uliowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Taa ya kelvini 6,000 na kuendelea bado ina buluu nyingi ndani yake, na buluu ikikurudia kutoka kwenye ukungu inachosha macho kuliko manjano ya kelvini 3,000. Wafaransa waliamini manjano kiasi kwamba sheria yao iliyalazimisha magari kuwa na taa za mbele za rangi hiyo mpaka mwaka 1993. Wanaozikumbuka Peugeot 404 na 504 zilizotawala barabara zetu enzi hizo huenda waliwahi kuona moja iliyokuja na macho yake ya manjano. Fundi huyu hupendekeza manjano kwa anayepanda milimani kila wiki, na nyeupe isiyo ya buluu kwa mwingine. Akishasema mara moja, humwachia mwenye gari aamue.

Kuhusu waya, anafanya mambo ambayo hakuna atakayeyaona. Anafungua raba za madigadi, anatoa klipu moja moja na kuziweka kwenye kopo, spana ya 10 inazunguka, taa ya zamani inatoka nzima. Hakati soketi ya kiwandani. Anatengeneza kipande kifupi cha waya chenye plagi ya aina ileile upande mmoja na ya taa mpya upande wa pili, ili siku mwenye gari akitaka kurudi kwenye halojeni arudi bila kovu. Maungio yake anayabana kwa praizi, anayachoma kwa risasi, kisha anavuta juu yake kimpira kinachonywea kwa joto. Tepu ya kawaida haitumii karibu na injini, kwa sababu gundi yake huyeyuka, ikateleza, na mwaka wa pili waya uko uchi na shoti inasubiri mvua. Halojeni haikujali waya upi ni wa moto na upi ni wa ethi. LED inajali, hivyo mita inatangulia kila plagi. Kwenye Toyota za zamani, Land Cruiser za mfululizo wa 70 zikiwemo, anapima mara mbili, kwa kuwa taa zake kubwa swichi hukata upande wa ethi, na fundi aliyezoea kukata upande wa moto anaweza kuhangaika siku nzima akitafuta hitilafu ambayo haipo.

Halafu kuna fyuzi, na hapa nilijifunza. Halojeni mbili za wati 55 zinavuta takriban ampea 9, kwa hiyo kwenye gari lenye taa hizo fyuzi ya buluu ya ampea 15 iko mahali pake. Taa mbili za LED za wati 20 zinavuta kama ampea 3 na nusu tu. Mtu wa haraka atasema vizuri, mzigo umepungua, funga boneti. Yeye anachomoa ile ya buluu na kuweka ya kahawia, ampea 7.5. Fyuzi inalinda waya, na waya uliokuja na taa mpya ni mwembamba kuliko wa kiwandani. Ukiuacha chini ya fyuzi ya 15, siku ukichunika kwenye chuma cha bampa unaweza kuwaka moto kabla fyuzi haijakatika. Kipande kile cha plastiki ni cha bei ya chini kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi nzima, na hakuna mteja aliyewahi kumuuliza habari zake.

Kabla ya kurudisha raba za madigadi anawasha injini, anafungua redio, kisha anawasha taa. Taa ambayo kidhibiti umeme chake kimetengenezwa ovyo huikwaruza redio, na kwa dereva wa safari ndefu hilo ni jambo kubwa. Anatazama pia tundu dogo la kupumulia mgongoni mwa kasha. Wapo wanaoliziba kwa silikoni wakidhani wanazuia maji, kumbe wanaufungia unyevu ndani, na baada ya wiki kadhaa kioo kinatokwa jasho upande usiofutika. Yeye analiacha wazi na kulielekeza chini.

Lakini kilele cha kazi ni kulenga, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Kipimo anachoanza nacho ni asilimia moja na nusu: kwa kila mita 10 mbele, mstari wa mwanga ushuke sentimita 15. Taa iliyo sentimita 60 kutoka ardhini, ikilengwa hivyo, mstari wake unagusa barabara mita 40 mbele. Anachagua sehemu tambarare, anajaza matairi upepo sawa, anapima umbali kwa futikamba, anachora mstari wa chaki ukutani, anasubiri magharibi. Wengi wangeishia hapo, na wangekuwa wamefanya vizuri. Yeye anauliza swali moja zaidi. Nilimsikia akimuuliza mzee mmoja mwenye duka kule Kisaki.

"Mzee wangu, gari hili linapanda na nini?"

"Saruji na sukari. Nikirudi, ufuta au mpunga."

"Basi nakuomba kesho uje na mzigo wako juu."

Hesabu yake ni hii. Hilux ya milango minne ina mita 3 na sentimita 8 hivi kati ya tairi la mbele na la nyuma. Mzigo ukishusha nyuma sentimita 6, jambo ambalo mifuko ya saruji hulifanya bila shida, gari zima linainama kwa karibu asilimia mbili. Ile asilimia moja na nusu aliyoilenga imeliwa yote na ziada. Mstari uliokuwa unashuka sentimita 15 kwa mita 10 sasa unapanda sentimita 4. Hauigusi ardhi tena. Mwanga umeingia kwenye wingu, ukuta mweupe umerudi, na kwenye mteremko wa Kiroka kijana wa bodaboda anayepanda haoni anakokwenda. Taa ni ileile, waya ni uleule, fundi ni yuleyule. Saruji imevuruga kazi.

Siku ya pili mzee alirudi na mifuko yake. Fundi akazishusha taa mpaka kwenye mstari wa chaki, gari likiwa na mzigo, akaridhia kwamba likiwa tupu mwanga utaangukia karibu zaidi, kama mita 17. Mzee akauliza kama hiyo si hasara. Akaelezwa kwamba ndani ya ukungu gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa linakula zaidi ya mita 8 kila sekunde, na anayehitaji kuona mbali kuliko taa hizi zinavyofika amekwisha kukimbia kupita kiasi. Mzee alikubali. Nami pale niliona sababu ya kuandika haya, maana nimeona magari mengi yenye taa za gharama kubwa kuliko zile, zimefungwa na watu wenye vifaa bora kuliko vyake, na hakuna aliyeuliza gari litabeba nini.

Wewe unayetaka kubadilisha taa za pikapu yako, nenda kwa fundi wa namna hii na umpe nafasi. Usimwachie gari saa kumi na moja jioni ukamwambia unalitaka kabla ya giza. Giza ni sehemu ya kazi yake. Njoo na mzigo unaoubeba kila siku, mlipe na muda wa kulenga, usimlipe wa kufunga tu. Ukiwa njiani mwaga maji kwenye kioo kwanza ndipo ukifute, kwa sababu vumbi kavu la Mvuha huchubua plastiki na kuutawanya mwanga uliokusanywa kwa tabu. Na ukungu ukiisha, zizime, uwaache wanaokuja mbele yako nao waione barabara.